Mdogo wangu ameacha dawa za akili baada ya kuombewa: tusimame wapi kama familia ya Kikristo?

Mwanakwaya wa Meru ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaandika kwa niaba ya familia yetu, nikiomba ushauri wa watu wanaomcha Mungu na pia wa watu wanaoyafahamu magonjwa ya akili, kwa kuwa katika jambo letu pande hizo mbili zimekuwa zikituvuta kila moja kwake.

Mdogo wangu wa kike ana umri wa miaka ishirini na kitu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa mwimbaji wa kwaya ya vijana katika usharika wetu wa Kilutheri hapa mkoani Arusha. Miaka michache iliyopita, katikati ya juma la maombi, alianza kukaa macho usiku kucha akiandika maono kwenye madaftari, akizungumza kwa kasi tusiyoweza kuifuata, akigawa nguo na mshahara wake kwa watu asiowajua, na kutuambia kwamba ameteuliwa kuliandaa taifa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba siku za mwanzo watu wengi kanisani walifurahi. Walimpa nafasi ya kushuhudia ibadani, wakasema binti ana upako, na baadhi yao wakawa wanamfuata nyumbani ili awatabirie. Alipoanza kuwatukana wazee wa kanisa na kutoka barabarani usiku akiwa na kanga moja tu, watu walewale wakasema ana pepo. Hospitalini tuliambiwa kwamba ana ugonjwa wa baipola, ambao humrusha mtu kati ya msisimko mkali na huzuni nzito. Alipewa dawa, akatulia, akarudi darasani na kwenye kwaya.

Mwaka huu rafiki yake alimpeleka kwenye huduma moja ya maombezi. Kiongozi wa huduma hiyo alimwekea mikono, akatangaza mbele ya watu kwamba kifungo cha ukoo wa mama yetu kimevunjwa, kisha akamwambia kwamba kuendelea kumeza vidonge ni sawa na kumwambia Mungu kuwa hakuimaliza kazi yake. Akaviacha. Kwa majuma kadhaa alikuwa mchangamfu, nasi tulimshukuru Mungu, lakini sasa hali imegeukia upande wa pili kabisa: anashinda kitandani, haogi, hataki chakula, na anarudia kusema kwamba Mungu amemwacha kwa sababu alikosa imani ya kuutunza uponyaji wake. Wale waliomwombea wamemwagiza afunge siku tatu bila chakula wala maji, na ahudhurie mkesha wa kila Ijumaa.

Mama anaamini kwamba tukimrudisha hospitali tutakuwa tumeikana kazi ya Mungu mbele ya binti yake mwenyewe. Baba anataka apelekwe leo, hata kwa kufungwa kamba. Mimi ninaamini kwamba Mungu anaponya, na sitaki mtu anijibu kwa kuidharau imani hiyo. Ninachouliza ni hiki: je, tunaweza kumrudisha kwenye matibabu bila kuivunja imani ambayo ndiyo iliyomshika siku zote? Tumjibuje anaposema ameachwa na Mungu? Na tufanye nini na mchungaji wetu, mtu mwema na mpole, ambaye kila tunapomweleza jambo hili hutuambia tuendelee kuomba, kisha akaishia hapo?

Muuguzi wa Dodoma amejibu:

Shalom, ndugu, na umfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi kwenye wodi za magonjwa ya akili kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, nami ni Mwanglikana ninayeshiriki meza ya Bwana kila Jumapili, kwa hiyo sitaidharau imani yenu hata kidogo.

Kabla ya mafundisho yoyote kuna jambo la kufanywa leo jioni. Mtu mwenye baipola aliyezama katika huzuni kiasi hicho, na anayesema kwamba Mungu amemwacha, yumo katika hatari ya kujiua. Mmoja wenu, yule anayemwamini zaidi, akae naye mahali patulivu na kumwuliza waziwazi kama anawaza kufa, kama anawaza kujiua, na kama amekwisha kufikiria namna. Familia nyingi huogopa kwamba swali hilo litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi, mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa kuwa hana tena cha kuficha. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa shambani na akiba yote ya vidonge, asilale peke yake, na akikiri kwamba amefikiria namna, mpelekeni hospitali usiku huohuo bila kungoja miadi.

Halafu kuna suala la mfungo na mkesha, na hapa naomba mnisome taratibu, kwa maana ni jambo ambalo viongozi wetu wa dini hawafundishwi, nalo huwarudisha wodini watu waliokuwa wametulia. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vinavyofahamika zaidi vya ile awamu ya msisimko aliyokuwa nayo mdogo wako alipoandika maono usiku kucha. Usiku mmoja au miwili ya kukesha, ambayo kwako na kwangu ingeleta uchovu tu, kwake inaweza kuufungua mlango wa ugonjwa wote. Ndiyo maana wengi huanza kuugua au kurudiwa wakati wa juma la maombi, mkutano wa injili au sikukuu kubwa. Maombi yenyewe hayana ubaya wowote. Ubongo wake hauwezi kuvumilia kunyimwa usingizi, hata kwa sababu njema.

Kufunga nako kuna hatari yake. Kama miongoni mwa dawa zake ilikuwamo lithiamu, basi atakapoirudia, mfungo wa kavu utakuwa hatari kwa uhai wake. Lithiamu hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Mtu akikosa maji, akatoka jasho jingi au akaacha chumvi ghafla, figo huizuia, kiwango chake katika damu hupanda, na kiwango kinachotibu hakiko mbali na kile kinachodhuru. Dalili zake ni kutetemeka sana mikono, kutapika, kuhara, kuyumba, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Nimewapokea wagonjwa wenye dalili hizo ambao waliokuwa nao walidhani kwamba pepo anatoka, wakazidisha kufunga. Hata asiyetumia lithiamu, mtu ambaye tayari hali chakula kwa sababu ya ugonjwa hana cha kufunga.

Msimrudishie dawa wenyewe kutoka kwenye kopo la zamani. Ziko dawa ambazo mtu akishaziacha kwa muda ni lazima aanze tena na kipimo kidogo, na akipewa dawa ya kuondoa huzuni peke yake, bila ile ya kuituliza hali, anaweza kurushwa upande wa msisimko. Daktari aelezwe pia kama ana mchumba au anatarajia kupata mtoto, kwa kuwa valproeti, ambayo hutumika sana katika hospitali zetu, huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo na kuchelewa kukua kiakili. Binti wa umri wake anastahili kuambiwa hayo mapema. Kwa huko mliko, hospitali ya rufaa ya mkoa inatosha kuwa mahali pa kuanzia, na KCMC pale Moshi kuna idara ya magonjwa ya akili. Si lazima wazo la kwanza liwe kumleta Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya huku Dodoma.

Baba asimfunge kamba. Akifungwa na watu wake mwenyewe ataikumbuka kamba hiyo kila atakapoliona lango la hospitali, na safari ijayo atajificha mapema zaidi. Mkieleweshana vizuri, wagonjwa walio katika huzuni hukubali kwenda mara nyingi kuliko wale walio katika msisimko, kwa hiyo huu ndio wakati wenu.

Nimalizie na jambo moja kwa ajili ya mama. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye kambi ya maombi nchini Ghana. Wagonjwa 139 waliokuwa wakiishi hapo waligawanywa kwa bahati nasibu: wote waliendelea na maombi ya kambi, lakini 71 kati yao walipewa pia dawa za hospitali. Baada ya majuma sita, waliopata maombi pamoja na dawa walikuwa na dalili chache kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata maombi peke yake. Hakuna aliyenyimwa maombi, na hakuna aliyeambiwa achague. Jambo la kusikitisha ni kwamba siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua kwa maana, hata kwa wale waliopata nafuu, na hilo liwe onyo kwetu kwamba dawa pekee haibadilishi namna watu wanavyomtendea mgonjwa.

Mtumishi wa Mlimani ameandika:

Ninaheshimu maelezo ya dada muuguzi, na ninakubali kabisa kwamba hakuna mwombaji mwenye ruhusa ya kumwachisha mtu dawa. Hata hivyo ninaomba tusiende mpaka mwisho wa pili. Katika Mathayo 17 yuko kijana mwenye kifafa, na Bwana Yesu alimkemea pepo, kijana akapona tangu saa ile. Nimesimama katika huduma ya maombezi kwa muda mrefu, na nimeona watu wakifunguliwa kwa jina la Yesu. Nikisoma majibu ya wataalamu, mara nyingi naona maombi yanawekwa kama pambo la kumfurahisha mgonjwa, huku kazi yote ikihesabiwa kuwa ya kidonge. Mama wa familia hii akihisi kwamba imani yake inadharauliwa, hatakubali lolote, na pengine atakuwa na haki. Ningependa mchungaji au mtu aliyesoma Maandiko vizuri atusaidie: tutapambanuaje?

Mchungaji wa Usambara amejibu:

Ndugu Mtumishi ameuliza swali zito na la haki, nami nitajitahidi kulijibu pamoja na yale ya Mwanakwaya.

Mathayo 17 iko pale na hatuwezi kuifuta. Lakini Mathayo huyohuyo, katika sura ya 4, anapowataja wagonjwa walioletwa kwa Yesu, anawahesabu mbalimbali: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Mwinjilisti aliyeona kwamba pepo laweza kuhusika na kifafa cha kijana mmoja hakuona kwamba kila kifafa ni pepo. Sisi tumepungukiwa na uangalifu huo. Ninawafahamu watumishi ambao hawajawahi kukutana na mgonjwa wa akili wakaondoka bila kumtaja shetani, na hao siwezi kusema kwamba wanapambanua, kwa kuwa anayepambanua hufika mahali akasema hapa hakuna pepo.

Kuhusu uponyaji, ninaomba mama asome jinsi Bwana alivyowatendea wenye ukoma. Yule wa Mathayo 8 alipotakaswa, Yesu alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Wale kumi wa Luka 17 waliagizwa vilevile, na walitakasika wakiwa njiani kwenda kukaguliwa. Kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka, kwa torati, ya kumchunguza mgonjwa na kumtangaza kuwa safi. Bwana wetu hakuona kwamba ukaguzi huo unaipunguzia kazi yake utukufu. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Basi kama mama anaamini kwamba binti yake ameguswa na Mungu, kumpeleka kwa daktari si kumkana Mungu, ni kwenda kujionyesha kwa kuhani. Ikiwa kweli amepona, daktari ataziona dalili zimeondoka na atazipunguza dawa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, huku akimwangalia. Ikiwa bado, atatibiwa, na maombi yataendelea. Mtumishi anayekataza ukaguzi huo anajipa mamlaka ambayo Bwana hakuyatumia.

Kanisa letu lina historia katika jambo hili ambayo washarika wengi hawaijui, na inanisikitisha kwamba hatuisimulii mimbarani. Kule Lutindi, katika milima hii ya Usambara, wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na tangu mwaka 1904 mahali hapo pakawa nyumba ya wagonjwa wa akili. Mirembe ilikuja baadaye, mwaka 1927. Waliopaanzisha walifungamana na Bethel ya Bielefeld, makao yaliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Hospitali ya Lutindi ipo mpaka leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa hupata dawa, hufanya kazi za shamba na za mikono, na husali. Kwa hiyo mtu akimwambia mama kwamba hospitali ya akili ni mahali pa wasioamini, mwambieni kwamba katika nchi hii kanisa liliwahudumia wagonjwa hao kabla serikali haijawajengea hospitali yao.

Sasa nije kwenye maneno ya mdogo wako kwamba Mungu amemwacha. Wengi wetu tumeimba "Damu imebubujika" kutoka Tenzi za Rohoni, mara nyingi tukiwa tunakaribia meza ya Bwana. Aliyeutunga utenzi huo kwa Kiingereza ni William Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731. Alijaribu kujiua, akapelekwa mwaka 1763 kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili mjini St Albans, na ilikuwa humohumo, mikononi mwa daktari aliyemcha Mungu, alipomwamini Kristo. Baadaye alihamia Olney, alikokuwa mchungaji John Newton, na wawili hao wakashirikiana kutunga kitabu cha nyimbo kilichochapishwa mwaka 1779. Lakini mwaka 1773 ugonjwa ulimrudia kwa nguvu, akasadiki kwamba Mungu amemkataa yeye peke yake kati ya watu wote, na aliendelea kusadiki hivyo, kwa vipindi vizito na vyepesi, mpaka alipokufa mwaka 1800. Newton hakumwambia kwamba amepoteza wokovu, wala kwamba hakuitunza imani. Alimpokea nyumbani mwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja.

Ninawaeleza haya kwa sababu wazo la kuachwa na Mungu, likija pamoja na kukosa hamu ya kula, kushinda kitandani na kujiona asiyefaa, mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mgonjwa hashindwi kulikataa kwa sababu ya ukaidi. Msibishane naye kwa mistari. Atawashinda, kwa kuwa kila ahadi mtakayomsomea atasema ni ya wengine. Mwambieni kwa ufupi kwamba ninyi mnaamini kwa niaba yake mpaka atakapopata nguvu, kisha mpeni uji. Elia alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika alimwamsha mara mbili ili ale na anywe, na katikati alimwacha alale. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu.

Kwa mchungaji wenu, msiende kumweleza tena hali, kwa sababu mkimweleza hali atajibu kwa maombi, ndivyo tulivyofundishwa. Mwombeni mambo mahususi. Aje nyumbani, amwambie binti kwa kinywa chake, mama akiwapo, kwamba kumeza dawa si dhambi na kwamba hakupoteza uponyaji kwa kukosa imani. Mwombeni afuatane nanyi siku ya kwenda hospitali, akiwa amevaa kola yake. Na mwombeni azungumze na kwaya kabla binti hajarudi, kwa kuwa walewale waliomwita nabii na baadaye wakamwita mwenye pepo ndio atakaokaa nao benchi moja. Wachungaji wengi husema "tuendelee kuomba" kwa sababu hawajui kitu kingine cha kufanya, na hufurahi sana wanapoonyeshwa kimoja.

Mama wa Nakuru ameandika:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki kutoka Kenya, na ninaishi na ugonjwa huohuo wa baipola. Nimesoma mjadala huu kwa makini, nami ningependa kusema machache kutoka upande wa anayeombewa.

Kwanza, kwa ndugu Mtumishi: hata katika kanisa letu, ambalo lina ibada rasmi ya kupunga pepo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inasema wazi kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo tofauti kabisa na kwamba kuyatibu ni kazi ya elimu ya tiba, ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Tena padre hawezi kuifanya ibada hiyo bila ruhusa ya askofu. Sisemi hivyo ili kushindanisha makanisa. Ninasema kwamba hata wanaoamini kwa dhati kuwa pepo yupo wameona haja ya kuweka kizuizi, kwa sababu mgonjwa akiombewa pepo asiye naye hufundishwa kujiogopa mwenyewe. Niliombewa hivyo mbele ya umati. Sikumbuki maneno, lakini nakumbuka kwamba kwa muda mrefu baadaye niliyaangalia mawazo yangu yote kama mali ya mtu mwingine aliyemo ndani yangu.

Pili, mtakapomrudisha kwenye dawa, msimlazimishe aikane siku aliyoombewa. Huenda kweli alikutana na Mungu siku ile. Inawezekana mtu aguswe na Mungu na bado ahitaji dawa, na mkimlazimisha kuchagua, atachagua ile siku aliyojisikia hai. Jambo la namna hiyo pia liko kwenye yale madaftari ya maono. Msiyachome. Daktari wangu na padre wangu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza ni kipi katika yale niliyoyaandika ambacho bado nakiamini nikiwa nimelala vizuri na kula vizuri. Vilibaki vichache, na hivyo vichache ni vyangu.

Tatu, sala. Nilipokuwa kwenye huzuni sikuweza kusali hata Baba Yetu mpaka mwisho. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alikuwa akija, anafua, anapika, halafu anakaa kitandani pangu na kusoma Zaburi ya 88 kwa sauti ya kawaida, bila kunieleza chochote. Zaburi hiyo inaishia gizani, haina mstari wa ushindi mwishoni, na kwangu ilikuwa mara ya kwanza kwa kanisa kunipa maneno ambayo sikuhitaji kuyaigiza. Msomeeni hiyo kabla ya zile za shangwe.

Mwisho, kwa jambo la kujiua ambalo muuguzi amelitaja: msimtishe kwa jehanamu. Katekisimu hiyohiyo, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba misukosuko mikubwa ya akili hupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua. Huku kwetu, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Kwa miaka mingi familia ziliwaficha wagonjwa kwa kuogopa polisi na kuogopa kanisa kwa pamoja.

Mwanakwaya wa Meru ameandika tena:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nilimwuliza kama muuguzi alivyoelekeza, peke yetu wawili. Alikuwa anawaza kufa, lakini hajafikiria namna. Alilia sana, halafu akala. Dawa za shambani tumezihamishia kwa jirani, na dada yetu mkubwa analala naye. Maneno ya mchungaji kuhusu kujionyesha kwa kuhani nilimsomea mama mara mbili. Aliniomba Biblia, akasoma mwenyewe Luka 17, kisha akasema tumpeleke, ila yeye ndiye atakayemshika mkono, si baba. Mchungaji wetu alikubali kuja na kufuatana nasi, na kwa kweli aliponisikia nikimwomba jambo mahususi alionekana kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Swali langu lililobaki ni dogo lakini linanisumbua. Akirudi kwenye kwaya, mwaka wetu una mikesha mingi: Pasaka, mwaka mpya, mashindano ya kwaya ya jimbo. Kumnyima yote hayo ni kumnyima kanisa. Tufanyeje?

Muuguzi wa Dodoma amejibu:

Mungu awatangulie. Siku ya kwenda, chukueni karatasi zake zote za zamani na kopo za dawa hata kama ni tupu, na mweleze daktari kwa usahihi ni lini aliziacha.

Kuhusu kwaya, msimnyime. Miezi ya kwanza asikeshe kabisa, na mwalimu wa kwaya aelezwe hivyo kwa idhini yake yeye mwenyewe. Baada ya hapo, zungumzeni na daktari kuhusu kila sikukuu kwa wakati wake. Wengi hushiriki sehemu ya mwanzo ya mkesha, hunywa dawa saa ileile ya kila siku, na hurudishwa nyumbani kabla ya saa nne usiku na mtu aliyepangwa kwa kazi hiyo. Kwa Pasaka, ibada ya alfajiri inamfaa zaidi kuliko mkesha, mradi awe amelala. Andikeni pia, akiwa ametulia na yeye mwenyewe akisema, ni dalili gani tatu za mwanzo anazozijua: kwa maelezo yako, nadhani kupungua kwa usingizi, kasi ya maneno na kugawa vitu. Karatasi hiyo abaki nayo yeye, mama awe nayo, na mchungaji awe nayo, ili siku atakaposimama tena kanisani akiwa na moto kuliko kawaida, mtu wa kwanza kumsogelea amwulize alilala saa ngapi.